Matairi Mapya ya Pikapu ya Idi

Idi (Houston): Shikamooni wazee wangu, na ninyi wengine habari za jioni huko. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Ile Ford F-250 ninayovutia trela la kubebea mashine za ujenzi inahitaji matairi manne mapya, kwa kuwa meno ya matairi ya nyuma yamebaki milimita tatu hivi, tena yamelika zaidi katikati kuliko pembeni. Duka moja limenionyesha matairi ya bei nafuu ya kipimo changu hiki hiki, 275/65R18, na duka la pili linataka fedha inayokaribia mara mbili kwa kipimo hicho hicho. Nikiyatazama yamewekwa sambamba, sioni tofauti inayostahili pengo hilo la bei.

Mjomba Bakari (Tanga): Marahaba, mpwa wangu. Tofauti huioni kwa sababu unatazama meno, wala hujasoma ukuta wa tairi. Rudi dukani ukatazame kama kabla ya 275 pameandikwa herufi LT, yaani tairi la magari madogo ya mizigo, kisha usome namba iliyo baada ya kipimo, ambayo ndiyo inayotaja mzigo.

Idi (Houston): Picha ninazo, Mjomba. La bei nafuu halina LT, na baada ya kipimo limeandikwa 116T. La ghali limeandikwa LT275/65R18, kisha 123/120R, na chini yake kuna maneno yanayosema daraja la mzigo ni E.

Dada Zuhura (Dar es Salaam): Basi hayo si matairi ya namna moja, Idi, hata kama yanaingia kwenye rimu moja. Hiyo namba ya mzigo huitwa fahirisi: 116 maana yake ni kilo 1,250 kwa tairi, na 123 ni kilo 1,550. Hiyo 120 inayofuata baada ya mkwaju ni ya magari yenye matairi pacha nyuma, kwa hiyo wewe huihitaji. Tena lile lisilo na LT limeundwa kwa ajili ya magari ya abiria, na kanuni ya Marekani ni kwamba tairi la aina hiyo likifungwa kwenye pikapu, uwezo wake hugawanywa kwa 1.10, kwa kuwa pikapu hupakiwa kwa namna ambayo gari la familia halipakiwi. Ukigawanya 1,250 kwa 1.10 unabaki na kilo 1,136. Sasa fungua mlango wa dereva utusomee kibandiko kinasema ekseli ya nyuma inaruhusiwa uzito gani.

Idi (Houston): Kinasema pauni 6,100, na upepo wa matairi ya nyuma ni psi 80, yaani pauni 80 kwa inchi ya mraba.

Dada Zuhura (Dar es Salaam): Pauni 6,100 ni kilo 2,767. Matairi mawili ya bei nafuu yanabeba kilo 2,272 kwa jumla, yaani hayafikii hata kile ambacho kiwanda kimeruhusu ekseli ibebe, ilhali mawili ya LT yanabeba 3,100. Kwa pikapu inayovuta, mimi ningefunga mjadala wa lile la kwanza hapa hapa.

Nassor (Muscat): Dada, mbona mnakwenda kwenye hesabu upesi hivyo? Kaka Idi, mimi ningeshauri ununue rimu za inchi 20 na matairi yale mapana ya tope, 35x12.50R20. Gari litainuka, litapendeza, na tairi kubwa kwa vyovyote litabeba mzigo mkubwa zaidi.

Dada Zuhura (Dar es Salaam): Hapo kwenye “kwa vyovyote” ndipo ulipoteleza, mdogo wangu. Tairi la kipimo hicho la daraja E kwa kawaida lina fahirisi 121, yaani kilo 1,450, na ukomo wake wa upepo ni 65, kwa hiyo Idi angelipa fedha nyingi zaidi anunue uwezo mdogo kuliko wa lile tairi la LT la kipimo chake. Kinachobeba gari ni hewa iliyofungiwa ndani pamoja na nguvu ya nyuzi zinazoizuia, na tairi linaweza kuwa refu na pana huku hewa inayoruhusiwa ndani yake ikiwa ya presha ndogo.

Mjomba Bakari (Tanga): Nami niongeze, Nassor, usinione mzee mkorofi. Meno marefu ya tope hucheza yakipata mzigo. Ukivuta trela katika mwendo wa barabara kuu, utahisi nyuma ya gari inayumba kama inayotafuta njia yake yenyewe, na usukani utajibu kwa kuchelewa. Zaidi ya hayo, tairi lenye mzunguko mkubwa linaifanya injini ihangaike kuondoa mzigo, na spidomita inasoma mwendo mdogo kuliko ule unaokwenda. Kwa gari la kwendea harusini, sina neno.

Nassor (Muscat): Nimekusikia, Mjomba. Nilikuwa nafikiria harusi, nakiri.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Mimi naomba kuuliza swali la mtu asiyejua magari. Je, Idi kweli anabeba huo mzigo wote unaotajwa kwenye mlango, au tunamtoza kwa uzito ambao haupo?

Idi (Houston): Swali zuri sana, Shangazi, na jibu ninalo kwa sababu nilikwisha kupita kwenye mizani. Huku, kwenye vituo vikubwa vya mafuta vya malori, kuna mizani za CAT, ambapo unasimamisha ekseli ya mbele kwenye sahani moja, ya nyuma kwenye sahani ya pili na trela kwenye ya tatu, halafu unapewa karatasi yenye uzito wa kila sehemu. Nikiwa nimefunga trela lenye kichimbio kidogo, ekseli yangu ya nyuma ilisoma kilo 2,430.

Dada Zuhura (Dar es Salaam): Maana yake kila tairi la nyuma lina kilo 1,215 kama mzigo umegawanyika sawa kulia na kushoto, jambo ambalo ni nadra kuwa kamili. Lile la bei nafuu lingekuwa limepita ukomo wake kwa karibu kilo 80 kabla hujawasha injini. La LT lingebaki na akiba ya kilo 335. Hiyo akiba, Shangazi, ndiyo anayoilipia.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Lakini mzigo si uko juu ya matairi ya trela? Inakuwaje uifikie pikapu?

Mjomba Bakari (Tanga): Mwingi uko huko, dada yangu, ila trela lililopakiwa vizuri hulaza sehemu ya uzito wake kwenye kiungo cha pikapu, kati ya asilimia 10 na 15. Ukipunguza chini ya hapo, trela litaanza kupiga mkia likiwa mwendoni. Trela la Idi likiwa na kilo 4,900, kiungo kinapokea kitu kama kilo 490 hadi 735. Na kwa sababu kiungo kiko nyuma ya ekseli, uzito ule unaibonyeza nyuma na kuinyanyua mbele kidogo, kwa hiyo ekseli ya nyuma inabeba zaidi ya kile kilichowekwa kwenye kiungo, na matairi ya mbele yanashika lami kwa nguvu pungufu. Ndiyo maana ninawaambia vijana kwamba tairi la nyuma la pikapu inayovuta si mahali pa kubania fedha.

Shangazi Mwanaidi (Tanga): Sasa nimeelewa. Na je, akinunua ya mtumba yenye hizo herufi za LT, hayamfai?

Mjomba Bakari (Tanga): Mimi singemruhusu, na sababu ni umri. Idi, kwenye ukuta wa tairi tafuta herufi DOT, halafu soma tarakimu nne za mwisho: ukikuta 3519, limetengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa umelazwa ghalani, na jua la Texas haliuhurumii. Ford wenyewe wanashauri tairi libadilishwe baada ya miaka sita bila kujali meno yaliyobaki. Tairi la mtumba linaweza kuwa na meno marefu na ndani limekwisha, na tabaka la juu huachana na mwili pale joto linapozidi, yaani katikati ya safari ukiwa na mzigo. Hata ukinunua mapya, soma tarakimu hizo kabla hayajafungwa, maana kuna maduka hukaa na mali muda mrefu. Na tairi la akiba lililo chini ya gari ulisome pia.

Idi (Houston): La akiba ni la mwaka uleule gari lilipotoka kiwandani, nalo ni 2017. Naona orodha inarefuka. Sasa nisaidieni kuchagua aina ya meno. Duka lina Michelin Defender LTX M/S, ambalo ni la barabara kuu, na BFGoodrich All-Terrain T/A KO2, ambalo meno yake ni makubwa zaidi. Yote mawili ni LT, yote daraja E, fahirisi 123.

Mjomba Bakari (Tanga): Maeneo ya ujenzi yana matope, na gari lililokwama na trela ni aibu mbele ya mteja. Mimi ningechukua hilo la meno makubwa.

Dada Zuhura (Dar es Salaam): Hapa, Mjomba, naomba tutofautiane kwa heshima. Idi hushinda kwenye lami, Houston hadi San Antonio kwa barabara ya I-10, au Dallas kwa I-45. Meno mafupi yaliyoshikana hutulia zaidi chini ya mzigo, hayapigi kelele, na hula mafuta kidogo. Akifika penye tope, gari lake linazungusha magurudumu yote manne.

Idi (Houston): Siku nyingi mashine hushushiwa kwenye kokoto, pembezoni mwa lami. Nitakwenda na la barabara kuu, Mjomba, unisamehe.

Mjomba Bakari (Tanga): Hakuna cha kusamehe, wewe ndiye unayeijua njia yako. Ila kuhusu kulika kwa katikati: nadhani upepo wa 80 unabaki humo hata wiki ambazo huvuti kitu, tairi linavimba na kukanyagia katikati peke yake. Omba jedwali la kiwanda cha tairi linaloonyesha upepo unaostahili kila uzito, upime gari likiwa tupu, na usishuke chini ya jedwali hilo. Kabla ya kufunga trela, rudisha 80, na upime matairi yakiwa ya baridi. Yakipata moto njiani upepo utapanda, usiutoe.

Dada Zuhura (Dar es Salaam): Jambo jingine la sheria. Kazi ya kulipwa ikikuvusha hadi Louisiana ukiwa na pikapu na trela lenye uzito huo, unaingia kwenye kanuni za shirikisho za magari ya biashara, na hapo matairi ya mbele yanatakiwa yawe na meno yasiyopungua milimita 3.2, si ile 1.6 ya kawaida. Pia usimruhusu fundi akuuzie matairi yenye herufi ST kwa ajili ya pikapu. Hayo ni ya trela tu.

Idi (Houston): Nimeagiza manne ya Defender na moja la akiba la kipimo hicho hicho. Watayafunga Jumanne na kupima alaimenti.

Mjomba Bakari (Tanga): Vizuri. Nati zikazwe kwa spana ya kupimia, kisha uzirudie kabla ya kumaliza kilomita 160 za kwanza. Na yale matairi ya trela, umeyasoma tarehe?

Idi (Houston): Bado, Mjomba. Natoka nje sasa hivi na tochi.