Jumapili moja tu Japani: niende Kamakura au kwenye ngazi za Yotsuya?

Mwana wa Mikindani
Habari za jioni, wanajukwaa. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitakuwa Tokyo kwa mafunzo ya wiki mbili, na kwa ratiba niliyopewa siku pekee isiyo na kipindi ni Jumapili moja. Nimefuatilia anime, yaani katuni za Kijapani, tangu nikiwa sekondari hapa Mtwara, tulipokuwa tukiazimana kadi za kumbukumbu za simu zilizojaa vipande vya video, kwa hiyo ningependa kufika walau mahali pamoja nilipopaona kwenye skrini. Ninasita kati ya kivuko cha reli cha Kamakura kinachoonekana mwanzoni mwa Slam Dunk, ile anime ya mpira wa kikapu, na ngazi za Yotsuya, mtaa wa Tokyo, zilizo mwishoni mwa filamu ya Your Name ya mwaka 2016. Ni wapi panapofanana zaidi na picha, na je, wenyeji hawachukizwi? Hili la pili naliuliza kwa sababu namjua bibi yangu pale Mikindani: anapokuwa barazani akipepeta mchele, halafu mgeni akamwelekezea kamera bila hata kusema hodi, hunyanyua ungo wake na kuingia ndani.

Binti Kilwa
Kaka, nimesoma huko na nimefika kote kuwili. Wajapani huiita safari ya namna hii *seichi junrei*, yaani hija ya mahali patakatifu, ingawa mara nyingi mahali penyewe ni mtaa wa kawaida ambao watu wameanika nguo.

Kamakura ni mwendo wa takriban saa moja kwa treni kutoka kituo cha Tokyo, kisha unapanda treni ndogo ya Enoden hadi kituo cha Kamakura-Koko-Mae. Kivuko kiko hatua chache kutoka hapo. Usishangae bahari ikionekana ndogo kuliko ulivyoizoea: simama mbali na ukuze picha kwa kamera, ndipo treni ya kijani na maji ya nyuma yake yatakaposogeleana kama yalivyochorwa. Tatizo ni umati. Watu husimama katikati ya barabara wakisubiri treni, magari yanapiga breki, na mji umelazimika kuweka walinzi. Sisi wa kusini, ambao reli yetu iliyojengwa kwa mradi wa karanga wa wakoloni iling'olewa miaka ya 1960, hatuna mazoea ya vivuko hivi, basi kizuizi kikianza kushuka usijaribu kukimbilia upande wa pili.

Ngazi ziko jirani na hekalu la Suga, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha Yotsuya-Sanchome. Zile nguzo nyekundu za kushikilia utazitambua mara moja. Ni njia ya wakazi, na nyumba zao ziko pembeni kabisa. Nilimwona mama mmoja mwenye mifuko ya sokoni akisubiri chini hadi vijana wamalize kupigana picha, na nilijiona nimekosa adabu ingawa kamera haikuwa yangu.

Mzee wa Lindi Mjini
Mwanangu, utavuka bahari kwenda kupiga picha ngazi, na Kilwa Kisiwani hujafika?

Binti Kilwa
Shikamoo mzee. Kilwa ataikuta akirudi. Jumapili ya Tokyo haitamngoja. Kaka, ushauri wangu ni ngazi, mapema asubuhi kabla watu hawajaanza kupita. Chapisha picha ya tukio lenyewe kwenye karatasi, inyooshe mbele yako, kisha panda na kushuka polepole mpaka mistari ya nguzo ilingane. Kwangu ilichukua kama dakika kumi, na tofauti ilikuwa hatua mbili tu. Mtu akitokea, kaa pembeni apite, na usiweke mtandaoni picha yenye sura yake au mlango wake.

Mwana wa Mikindani
Ahsante dada, na wewe mzee marahaba yako nimeisikia kwa mbali. Nimechagua ngazi. Bibi nimemsomea majibu yote haya, naye ameuliza jambo moja tu: watu wa mtaa huo wakisalimiwa, huitikia?

Binti Kilwa
Mwambie huitikia, kwa kuinamisha kichwa.