Altezza ya 1G hapa Mwanza: niijenge bila turbo, niifunge turbo, au nibadilishe injini kabisa?

KijanaWaButimba

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijaanza kutoa hela.

Nina Toyota Altezza GXE10, injini 1G-FE, silinda sita, cc 2,000, manyo ya gia sita. Ni nzima, hailambi oili na haijawahi kuchemsha. Naishi Butimba, kazi yangu iko Nyakato, na mara kwa mara naenda Musoma kwa wazazi. Gari hii naipenda kwa dhati, hasa inavyokaa kwenye kona, kwa hiyo msiniambie niiuze.

Shida ni nguvu. Nikiwa peke yangu mjini inatosha. Nikipakia watu wanne na mizigo, AC inafanya kazi, mbele kuna semi na barabara inapanda, narudi mpaka gia ya tatu na bado nasubiri. Kuovateki kwa kusubiri hivyo ni hatari.

Mafundi watatu wamenipa majibu matatu. Wa kwanza anasema tufungue injini, tuskimu (tuchonge) silinda hedi kuongeza kompresheni, yaani hewa ikandamizwe zaidi ndani ya silinda, tuweke kamshafti kali (mti unaofungua valvu) na manifodi nzuri, tusitumie turbo. Wa pili anataka kufunga turbo kwenye hii hii 1G, kifurushi kinaagizwa China. Wa tatu anasema ng'oa, weka 1JZ-GTE, injini ya Toyota yenye turbo ya kiwandani. Ninazo milioni 9 kwa sasa, naweza kuongeza taratibu. Nataka gari ya kila siku, siyo ya maonyesho. Nifuate lipi?

Mzee_wa_Kona

Mdogo wangu, usiguse turbo. Injini isiyo na turbo ukiigusa inaitika hapo hapo, unachokanyaga ndicho unachopata. Katikati ya kona hakuna nguvu inayokuja kwa kuchelewa ikakutupa nje. Honda walitoa farasi 250 kwenye S2000 ya cc 1,997 bila turbo. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie bila turbo hakuna nguvu.

Fundi_Igoma

Mzee wangu, heshima yako, na S2000 naiheshimu sana. Lakini hizo farasi 250 zinapatikana mizunguko 8,300 kwa dakika. Kijana hajalalamikia mizunguko 8,300. Analalamikia mizunguko 2,500 akiwa nyuma ya semi na wazazi wako ndani. Hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pistoni kushuka tu, basi. Hewa inayoingia haiwezi kuzidi sana ile iliyopo nje. Kwa hiyo torki (nguvu ya kuzungusha, ndiyo inayovuta mzigo) kwa kila lita haipandi sana hata ufanye nini. Ukitaka farasi zaidi inabidi uzipeleke juu kwenye mizunguko: kamshafti kali, springi ngumu za valvu, manifodi nzuri, fulaiwili nyepesi. Na kamshafti kali mara nyingi inakunyang'anya nguvu ya chini ili ikupe ya juu. Maana yake ukifuata fundi wa kwanza, pale nyuma ya semi unaweza kukuta gari imekuwa nzito kuliko ilivyo leo.

Halafu kuna jambo watu wa Mwanza hatulisemi. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni pungufu ya ile ya Dar kwa takriban asilimia 12. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu kiasi hicho hicho cha nguvu. Hiyo 1G ya farasi 160 kwenye karatasi, hapa inacheza kwenye 140, na hapo ni kama bado mpya. Siyo kwamba gari yako ni mbovu. Hewa ni nyepesi.

Turbo ni mvukuto wa mhunzi: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya upande mmoja, feni ya upande wa pili inasukuma hewa ndani. Angalia 1JZ mbili, zote cc 2,500, zote VVT-i (zinabadilisha muda wa valvu kufunguka). GE isiyo na turbo ina farasi 200 na torki ya Nm 255 kwenye mizunguko 4,000. GTE yenye turbo ina farasi 280 na Nm 378 kwenye mizunguko 2,400. Hizo namba mbili za mwisho ndizo dawa ya semi. (Na 280 siyo ukomo wa injini ile, watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya hapo, makubaliano yakaachwa mwaka 2004.)

Sato_Mkavu

Kwa hiyo turbo haipotezi kitu huku juu? Nimesikia wengi wakisema hivyo.

Dada_wa_Gereji

Inapoteza, ila kidogo. Westigeti ya springi, valvu inayozuia presha ya turbo isizidi, inapima presha juu ya hewa ya nje. Ukiweka bar 0.7, Dar injini inapata jumla ya bar 1.7 hivi, Mwanza inapata karibu 1.6. Umepungukiwa asilimia saba au nane badala ya 12. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) yenye sensa inayopima presha kamili inaweza kufidia hata hiyo, lakini turbo italazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa iliyokandamizwa zaidi inatoka ya moto zaidi. Hapo ndipo utajua kama intakula yako (rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo) ni ya kweli au ni pambo la bampa.

Kaka Butimba, naomba nikwambie wazi kuhusu fundi wa pili. Kufunga turbo kwenye 1G-FE ambayo haijaandaliwa ndiyo njia ya haraka ya kuipoteza injini uliyoikuta nzima. Toyota walipotaka 1JZ iwe ya turbo, hawakufunga turbo wakaishia hapo. Kompresheni waliishusha kutoka 10.5 hadi 9.0, pistoni tofauti, nozeli tofauti, oili inapulizwa chini ya pistoni kuzipoza. Ukiongeza hewa kwenye injini ya kompresheni ya juu, mchanganyiko unajilipukia kabla ya wakati, unasikia kama changarawe ndani ya chuma. Pistoni inapasuka sehemu ya ringi. Kontroli boksi ya kiwandani ya 1G haijui kwamba kuna turbo, haitaongeza mafuta ya kutosha wala haitarudisha moto wa plagi nyuma vya kutosha.

Inawezekana kufanya vizuri, sikatai. Presha ndogo, nozeli kubwa, pampu kubwa, kontroli boksi ya kutuni (kupangia upya mafuta na moto wa plagi), geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, na mtu anayejua kutuni. Jumlisha hayo yote uone kama kifurushi cha China bado ni cha bei rahisi.

Mzee_wa_Kona

Hapo kwa 1G nakubaliana na dada. Lakini msidharau injini zisizo na turbo kwenye nyanda za juu. Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara tano, 1973 na 1979 hadi 1982, na Datsun ambazo hazikuwa na turbo.

Fundi_Igoma

Kweli kabisa, na nilikua nikisikia jina lake. Na mwaka 1984, 1985 na 1986 ikashinda Celica ya turbo, mfululizo. Datsun zilishinda kwa kutokufa njiani. Celica ilishinda kwa kutokufa njiani na kuwa na nguvu. Lakini nyuma yake kulikuwa na kiwanda kizima na mafundi kila kituo.

Swali la kijana liko hapo hapo: nani atakuwa fundi wako? Mwanza tuna mafundi wengi wazuri wa turbo, ila ni wa dizeli, wa Fuso na Scania. Turbo ya dizeli na ya petroli zinafanana kwa macho. Dizeli haina shida ya kujilipukia kabla ya wakati kwa namna ya petroli, na moshi wa petroli ni wa moto zaidi. Mtu aliyefunga turbo za malori miaka yote anaweza kukufungia yako vizuri sana kwa bolti na mipira, halafu mafuta na moto wa plagi akaviacha kama vilivyo.

Rock_City_JZ

Mimi naendesha Chaser ya 1JZ-GTE, ya kiwandani, hapa hapa Mwanza. Nikupe maisha yake ya kila siku.

Oili nabadilisha mapema kuliko watu wa injini za kawaida, na natumia sinthetiki. Nikitoka safari ndefu sizimi papo hapo, naiacha ingurume taratibu kwanza ili oili iendelee kupita kwenye beringi za turbo zipoe. Mipira ya hewa naikagua mara kwa mara, maana ukivuja mmoja gari inapoteza nguvu na kula mafuta. Injini hii ilitengenezwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu, kwa hiyo presha naiacha ya kiwandani na sijazi mafuta kwenye kituo nisichokiamini. Kwa kuovateki, mkuu, hakuna maneno. Gia ya nne, unakanyaga, umeshapita.

Lakini Altezza yako ina gia boksi ya J160. Ile haipendi torki. Kwa Nm 378 itakusumbua, na wengi huishia kutafuta R154 iliyokuja na Chaser na Mark II za turbo za manyo. Gia boksi hiyo ni adimu na inajua ni adimu kwa bei yake. Ongeza klachi, propela shafti ya kukata upya, rejeta, intakula, waya. Milioni 9 inaweza kuishia kwenye injini na gia boksi peke yake, gari ikabaki kwenye mawe.

Dada_wa_Gereji

Ndiyo maana nilitaka kuleta njia ya nne, ambayo hakuna fundi aliyekutajia. Ongeza cc.

Toyota wenyewe waliweka 2JZ-GE, cc 3,000, kwenye bodi hii hii. Ilikuwa Altezza Gita AS300, na Marekani ikauzwa kama Lexus IS300. Kwa hiyo nafasi ipo na mauntini zipo, hakuna kubuni. Haina turbo. Torki yake ni kama Nm 290, na inaanza chini kwa sababu injini ni kubwa tu. Hata ukikata asilimia 12 ya mwinuko wetu, unabaki na nguvu ya chini ambayo 1G haijawahi kukuonyesha. Fundi yeyote mzuri wa Toyota anaijua, spea zake zipo Gerezani Kariakoo, na haihitaji kutuni ili itembee.

Angalizo moja: hakikisha ni GE. FSE, ile ya D-4, mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa. Iache kabisa.

KijanaWaButimba

Dada, asante sana, hili sikuliwaza kabisa. Na kama baadaye nitatamani turbo?

Dada_wa_Gereji

2JZ-GE inavumilia turbo ya presha ndogo ikituniwa vizuri kuliko 1G. Lakini hiyo iwe hesabu ya siku nyingine, usiinunue injini leo kwa ajili ya ndoto ya kesho. J160 nayo uiangalie: kwa Nm 290 iko karibu na mwisho wake. Ukiiendesha kistaarabu, bila kuachia klachi ghafla, itaishi. Ukipata gia boksi ya W58, ile iliyokuja na Supra isiyo na turbo, lala usingizi.

Mzee_wa_Kona

Hapo sasa mmenifurahisha. Injini kubwa, haina turbo, kijana anapita semi. Nami naongeza: kabla ya injini yoyote, tenga fungu la breki, tairi na shokapu. Barabara ya Musoma ina matuta, ng'ombe, watoto wa shule na bodaboda. Gari inayokwenda haraka kuliko inavyosimama sitaki kuisikia.

Rock_City_JZ

Naunga mkono. Na usisahau kadi ya gari, ina namba ya injini. Ukibadilisha, peleka taarifa TRA na gari ikaguliwe. Vinginevyo bima siku ya tatizo na mnunuzi siku ya kuuza wote watakugeuzia mgongo.

Sato_Mkavu

Na kwa sisi tunaotaka turbo bila kubadilisha chochote?

Fundi_Igoma

Nunua gari iliyotoka kiwandani na turbo. Hesabu inakuwa rahisi zaidi kuliko kuibadilisha isiyo nayo. Ila ukienda kwenye Forester au Impreza za turbo, ipime kompresheni kabla hujatoa hela, maana nyingi zimepita mikono iliyoongeza presha bila kutuni.

KijanaWaButimba

Wabeja sana wote. Nimeamua. Naanza na breki na shokapu mwezi huu, kisha natafuta 2JZ-GE. 1G yangu nzima nitaiuza ifidie. Swali la mwisho: nikienda Gerezani, injini iko chini, haijafungwa kwenye gari. Nitajuaje ni nzima?

Fundi_Igoma

Ukiweza chukua nusu ya gari, yaani injini ikiwa bado na waya, kontroli boksi na gia boksi yake. Inakuokolea wiki nzima ya kuhangaika na waya, na mara nyingi wanaweza kuiwasha mbele yako.

Kama ni injini tupu, fungua kifuniko cha oili utazame chini yake. Ute mweupe kama maziwa unaonyesha maji yameingia. Masizi meusi magumu yanaonyesha oili haikubadilishwa. Toa plagi zote sita uzipange kwa mfuatano. Moja ikitofautiana na zenzake uliza kwa nini. Kisha omba wafunge betri na stata, pima kompresheni silinda moja moja. Zote sita zisipishane kwa zaidi ya kilo 1. Muuzaji akikataa kupima, nenda duka la pili, zipo nyingi. Na akubali kwa maandishi siku za kurudisha, na namba ya injini iwe kwenye risiti, maana hiyo hiyo risiti ndiyo utaipeleka TRA.