Fundi yule wa Darajani kanivua nguo mbele za watu na modeli yangu kaifuta!

MwanaWaMwani:
Jamani naandika huku natetemeka. Mnamjua. Sina haja ya kumtaja, nyote mshampelekea kitu kikarudi na skrubu pungufu.

Kompyuta yangu ina memori ya GB 4. Nimeweka BOINC, ile programu ya kuwaazima wanasayansi nguvu ya kompyuta yako, inapiga hesabu za climateprediction.net, ule mradi wa Oxford wa hali ya hewa. Kila kazi ni modeli, yaani hesabu ndefu ya kuigiza hali ya hewa ya dunia. Wiki hii ikaanza kuganda, ukibonyeza herufi asubuhi inatokea alasiri. Nikampelekea anitazamie kwa nini memori inajaa. Anitazamie tu! Kafungua, kaziona zile kazi, kacheka. Mbele ya wateja sita, mmoja mwalimu wangu wa skuli! "Njooni mumuone anayewafanyia Wazungu kibarua cha bure!"

Kibarua cha bure! Mama yangu analima mwani Paje. Maji yamekuwa ya moto, kotonii, ule mwani wa bei, inageuka nyeupe, ukiishika inakukatikia mkononi. Bamvua nashuka naye kufunga kamba, nayaona kwa macho yangu. Ndiyo maana naiacha kompyuta ikeshe na hesabu za joto. Halafu mtu anacheka!

Nimekwenda kununua maji, narudi, kashapiga windo mpya, vyote vilivyokuwemo vimefutika. Modeli ilikuwa imefika asilimia 94. Siku 11! 94! Kanidai elfu 20, na kacheka tena.

PwezaMkavu:
Hahahaa 94! Pole, lakini dunia nzima na bahari zake unaitia kwenye GB 4? Umempakia ng'ombe kwenye baskeli.

MwanaWaMwani:
Hukuwepo weye. Kacheka mpaka kashika meza.

Mchakechake:
BOINC hufungua kazi moja kwa kila kiini cha prosesa. Ukiwa na viini 4, basi modeli 4 zinagombea memori moja. Kwenye mipangilio ya BOINC, teremsha idadi ya viini inavyotumia mpaka asilimia 25, ibaki kazi moja. Kisha nenda kwenye memori: kompyuta ikiwa inatumika huja na asilimia 50, ikipumzika 90. Ile 50 ishushe. Ikiandika kazi inasubiri memori, iache, usiku itaendelea. Na tazama tiki ya kuziweka kazi zilizosimamishwa ndani ya memori, hizo hata zikisimama haziachii kitu. Ila ukiitoa, kazi itarudi pale ilipojihifadhi mwisho.

MwanaWaMwani:
Ahsante sana kaka. Umenieleza bila kunicheka. Yule kacheka!

BiKidude_wa_Wete:
Mwalimu alisemaje?

MwanaWaMwani:
Mwalimu naye alicheka.

PwezaMkavu:
😂😂😂 Nakufa mie

Mzee_wa_Setilaiti:
Vijana, mie nilikuwa SETI@home, mradi kama huo wa kusaka viumbe wa sayari nyingine. Machi 2020 walipoacha kugawa kazi nilikaa kama nimefiwa. Sasa niko Einstein@Home, natafuta pulsa, nyota zinazozunguka kwa kasi na kumulika kama mnara wa taa. Mke wangu analalamikia tukuza, umeme wa kununua kabla, anasema nyota zinamla umeme.

Shangazi_Mlandege:
Mkeo ana haki! Feni tu inanimalizia yuniti.

BiKidude_wa_Wete:
Tuacheni nyota. Fundi huyohuyo kanipigia windo mwezi uliopita, picha za harusi ya mwanangu zimekwenda zote. Zote! Hata ya kupeleka mahari.

PwezaMkavu:
Kumbe ni huyo huyo! Mie kanibandikia kioo cha simu kwa gundi ya viatu.

Mchakechake:
Bi, usiweke kitu chochote kwenye diski hiyo. Kama hakijaandikwa kitu juu yake, baadhi ya picha huenda zikarudi. Ilete Chake.

BiKidude_wa_Wete:
Nishaweka. Tamthilia za Kituruki, misimu mitatu.

Shangazi_Mlandege:
Basi harusi wameichukua Waturuki.

MwanaWaMwani:
Jamani na modeli yangu?

Shangazi_Mlandege:
Bi, msimu wa tatu unao wote? Mie wangu umekatikia katikati.