Yule baba wa mizigo pale stendi amekalia boksi langu huku ananiambia halijafika!

Mgeni wa Makorora:
Wakuu, naandika nikiwa na hasira, herufi zikikosewa mnivumilie. Hivi yule baba wa kaunta ya mizigo pale stendi nani alimpa ile kazi? Simtaji. Mnamjua. Yule mwenye kalamu sikioni ambayo tangu Uhuru haijaandika kitu.

Mama kanitumia boksi kutoka Kigoma: dagaa, mawese lita 5, na kitenge. Kaka kalipokea Dar, asubuhi kalipandisha basi pale Mbezi, akanipigia nikachukue mchana. Mimi Tanga mgeni, najua njia ya kazini na ya sokoni, basi. Nimechukua bajaji mpaka stendi ya Kange na adabu zangu zote. Shikamoo baba. Marahaba, hata kichwa hajainua. Nimetumiwa mzigo. "Haujafika."

Jina hajaniuliza! Daftari hajafungua! Hajui kama natafuta boksi au ng'ombe!

Na hapo KAKAA, kahawa mkononi, kashata gotini. Nikamwomba, baba, hebu niangalizie. Akainuka, wakuu. Akazunguka ofisi nzima, akachungulia chini ya meza, akavuta droo (boksi la kilo 15 kwenye droo!), akarudi AKAKALIA TENA. Halafu ananiambia: "Nyie watu wa bara bwana, kitu kikichelewa kidogo mshaibiwa. Huku kwetu, mwanangu, hatuna haraka."

Makalio juu ya dagaa wa mama yangu, hatuna haraka!

Nikaenda kwenye benchi kusubiri. Nilipokaa chini ndipo nikaona katikati ya miguu yake mwandiko wa kaka, makapeni nyekundu, jina langu na namba ya simu. Nikamwambia, baba, hicho ulichokalia. Akainama, akasoma jina langu kichwa chini miguu juu, akajibu nini? "Si ungesema mapema kama ni boksi."

UNGESEMA MAPEMA! Nimefika nyumbani chai hainishuki. Kifuniko cha dumu kimepasuka, kitenge chote mawese. Kilichonipoza roho ni suruali yake ya kaki: nyuma, duara jekundu kama sahani. Mawese hayatoki, muulizeni mtu yeyote wa Kigoma.

Mgosi Mpole:
Uzi bila picha ya suruali hatuupokei.

Wa Barabara ya Tisa:
Aisee, jioni nimempita kwenye baraza la kahawa nikajua kakalia rangi ya mlango. Kumbe!

Bi Raskazone:
Pole mwanangu. Mimi alinikabidhi mzigo wa mtu wa Pangani, nafungua nyumbani nakuta cheni ya pikipiki. Naurudisha, ananiuliza, "Kwani huutaki?"

Konda Mstaafu:
Niwasaidie wageni kabla uzi haujaharibika. Usiende kaunta na jina la kampuni peke yake. Nenda na namba za gari. Kampuni moja inaweza kuwa na gari za Tanga na za Arusha, na pale Segera njia zinaachana. Boksi likipakiwa kwenye buti ya gari ya Arusha, wenzio wanalishusha Moshi wewe unalia Kange. Na gari likiwa linaendelea Horohoro, konda akipitiwa kushusha, mzigo unakwenda kuamkia mpakani Kenya. Kwa hiyo anayekutumia aandikiwe namba ya konda nyuma ya risiti hukohuko Dar, na wewe umpigie konda kabla gari halijafika Muheza. Jina na simu viandikwe kila upande wa boksi. Na ukiingia ofisini, angalia kwanza watu wamekalia nini.

Mgeni wa Makorora:
Asante sana mkuu. Sasa haya yote yeye yalimshinda kuniambia? Nafasi alikuwa nayo. Alikuwa AMEKAA. Juu ya nini? Juu ya boksi langu!

Mgosi Mpole:
Tumeelewa mgosi, kakaa.

Wa Barabara ya Tisa:
Tuache boksi kwanza. Bajaji toka Kange kakutoza ngapi?

Mgeni wa Makorora:
Kwenda na kurudi elfu 20.

Wa Barabara ya Tisa:
Hahahaaa! Elfu 20! Basi aliyekukalia si yule baba.

Bajaji ya Bluu:
Msituchafulie jina. Nyie mmewahi kubeba dagaa kwenye bajaji jua la saa nane? Kiti kinanuka mpaka Ijumaa, abiria wanapanda wanashuka. Elfu 20 ni pamoja na sabuni.

Bi Raskazone:
Sabuni ya wapi hiyo? Mimi mwenyewe wiki jana mmenishusha Chumbageni na mvua ile, eti Raskazone kuna dimbwi. Dimbwi!

Uono Mtupu:
Naomba kuuliza swali la msingi. Mtu kahamia Tanga, bahari hii hapa, anatumiwa dagaa toka Kigoma? Uono wetu, dagaa wa baharini, umekosa nini? Ushuke soko la samaki Deep Sea asubuhi ujionee.

Mwana Ujiji:
Uono una mchanga. Usiufananishe na dagaa wa Ziwa Tanganyika, tafadhali.

Uono Mtupu:
Mchanga ni wa kwako unayenunua ulioanikwa chini. Uono wa maana unachemshwa kwa maji ya chumvi, unaanikwa juu ya chanja. Ukiuvunja unalia kah! Huo tia nazi na ndimu, uje utuletee habari za ziwa.

Mwana Ujiji:
Nazi mnatia kila kitu ili msisikie ladha yake.

Bi Raskazone:
Astaghfirullah.

Mgeni wa Makorora:
Wakuu, turudi kwenye mada. Yule baba anachukuliwa hatua gani?

Uono Mtupu:
Boksi si umepata? Mawese yamebaki kiasi gani?

Mgeni wa Makorora:
Nusu dumu.

Mwana Ujiji:
Makorora upande gani, ndugu yangu? Mimi niko hapo hapo.

Mgosi Mpole:
Jamani, migebuka mikavu, wale samaki wa Kigoma, kwa hapa mjini inauzwa wapi? Mke wangu kanisumbua tangu mfungo.