Naomba ushauri: binti yetu anataka kurudisha filimbi

Wakuu, salaam. Mimi ni katibu wa chama cha waamuzi wa soka wa wilaya moja huku Kigoma. Januari tulikuwa 19, sasa tumebaki 11. Miezi ya mvua ilipita kwa semina na kupimana pumzi (kukimbia mita 75, kutembea 25, mara 40, wazee wa kazi wanaijua hiyo shughuli). Balaa lilikuja na ndondo za kiangazi, yale mashindano ya mtaani.

Mwezi wa nane binti yetu mmoja aliamuru kona kwa sababu golikipa aling'ang'ania mpira zaidi ya sekunde 8. Ndiyo sheria mpya ya 2025. Zamani zilikuwa sekunde 6 na adhabu ni pigo huru lisilo la moja kwa moja. Nani alijua pale uwanjani? Kona ikazaa goli. Watu wakawavamia waamuzi wetu, kibendera cha msaidizi wake kikavunjwa mpini. Mpaka leo tumekifunga kwenye kijiti cha mwanzi. Posho hawakupewa, eti wameharibu mechi.

Nimshawishije abaki? Na tukidai posho mkononi kabla ya mechi, waandaaji si watachukua marefa wa mtaani? Wenzetu wa Tabora mnafanyaje?