Mgeni avuke Darajani, au aishie Forodhani?

Mtembeza wageni, Mwembetanga

Assalaam alaykum wenyewe. Nina hoja, na naomba tujadili bila kutukanana.

Natembeza wageni Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka wa tisa huu. Nina leseni, kwa hivyo msianze kuniita papasi, mtembezaji asiye na leseni. Njia yangu ni ile ile ya kila mtu: Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, milango ya Gizenga, sokoni Darajani kunusa karafuu, jioni Forodhani. Beit el-Ajaib, lile jumba la masultani, tulikuwa tukiingia ndani. Tangu sehemu yake ilipoporomoka Disemba 2020 tunaitazama kwa nje.

Mwaka jana nilikuwa na mama mmoja wa makamo kutoka Ureno. Tulipofika Darajani akasimama ukingoni mwa barabara, akanyoosha kidole upande wa pili, akaniuliza, "Na kule wanakaa nani?" Nikamjibu, "Kule nakaa mimi." Akacheka. Mimi nikaona haya, maana miaka minane nimewaambia watu kuwa huu ndio mji wa Zanzibar, na kwetu sijawahi kuwaonesha hata kwa kidole.

Basi nikamvusha kwenda kwetu Ng'ambo. Tukapita Mlandege, tukaingia Mwembetanga, nikamkalisha barazani tunapokunywa kahawa. Wazee walikuwa na bao lao. Mmoja hakuinua hata uso, alisema tu, "Mwambie mgeni wako kuna foleni." Mama wa watu alikaa saa nzima kuangalia kete zinavyozunguka, akala kashata nne, na alipoondoka akasema katika siku zake zote hapa hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakuuziwa kitu.

Sasa ninakofanyia kazi wamelisikia hilo. Wanataka iwe ziara rasmi, wenyewe wanaita "kuifungua" Ng'ambo: makundi ya watu kumi na mbili, mara tatu kwa wiki, hadi majumba ya Michenzani. Mimi naona mgeni anayeishia Forodhani ameona nusu ya mji, tena nusu ndogo. Lakini hao kumi na mbili wananitia wasiwasi. Nyinyi mwasemaje?

Mkaazi wa majumba ya Michenzani

Kaka yangu, nusu iliyobaki ni yetu. Iacheni.

Nakwambia kilichotokea kwetu. Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, mlangoni, kajifunga khanga zake za ndani, anapepeta mchele. Kijana wa kigeni akapanda ngazi, hakupiga hodi, akampiga picha tatu. Na alikuwa na mwenyeji wake kabisa, kasimama nyuma anatabasamu. Siku ile maji hayakupanda, mimi nakuja na ndoo mbili kutoka chini. Na ndoo nazo zikapigwa picha.

Mtu wa mtaani, hata mlevi, hapandi ngazi za watu bila hodi. Kwa nini mgeni aweze? Kwa sababu amelipa? Amemlipa nani?

Maalim mstaafu

Watoto wangu, kabla hamjafika mbali, neno "kuifungua" Ng'ambo silipendi. Imefungwa lini?

Ng'ambo maana yake upande wa pili wa maji. Pale palikuwa na ghuba inayotenga Mji Mkongwe na huku, na Darajani paliitwa hivyo kwa sababu ya daraja. Ghuba ilifukiwa kidogo kidogo, ikabaki barabara, lakini watu wa kule bado wanatuita wa ng'ambo kana kwamba tunakwenda kwa ngarawa.

Na huyu mgeni mwenye kuhadithiwa habari za masultani angefaa ahadithiwe na za huku. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi kwa wenye viwanja. Mwaka huo huo Siti binti Saad, aliyekuja mjini kutoka Fumba akiwa muuza vyungu, akenda Bombay kurekodi taarab kwa Kiswahili, na nyimbo zake zilikuwa za mambo ya huku huku uswahilini. Bi Kidude naye, mwimbaji wa taarab aliyefariki mwaka 2013, alikuwa mkaazi wa mitaa hii.

Hayo majumba ya Michenzani ni habari peke yake. Zanzibar ilikuwa nchi ya mwanzo Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, na wao wakaja na wahandisi na ramani zao. Mzee Karume alitaka mkulima na mchukuzi wakae kwenye nyumba ya umeme na choo cha ndani. Nyumba za udongo zikavunjwa, na si kila aliyevunjiwa alifurahi, mama yangu mdogo alilia. Mzee mwenyewe aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka kwenye majumba hayo, na kaburi lake liko pale pale. Haya yote yako mtaani, wala hayana tiketi.

Waje. Lakini waje kusikiliza.

Dereva wa daladala ya 505

Yakhe, mnajadili kama vile hawajaja. Kila siku nawateremsha Kisiwandui na Kwa Alimsha, kila mmoja na ramani yake kwenye simu. Suali ni nani atakaa nao wakishateremka.

Muuza urojo, Kikwajuni

Waje lakini wale! Juzi kundi limesimama mbele ya meza yangu. Kiongozi wao anawaeleza: hii mbatata, hii bajia, hii kachori, hizi chipsi za muhogo, hii chatne ya nazi, na huu urojo wenyewe wa embe mbichi na ndimu. Kaeleza vizuri, mimi mwenyewe nikaanza kusikia njaa. Wakainama mmoja mmoja kupiga picha sufuria. Kisha akasema wameshakula hotelini, wakaondoka. Wateja wangu wa skuli walikuwa nyuma yao wamesimama juani na mia tano zao mkononi.

Mzaliwa wa Shangani, sasa Mwanakwerekwe

Mimi ndiye mtu wa upande ule mnaousema, wa Mji Mkongwe, kwa hivyo niacheni niwape habari ya kule ilivyokuwa.

Kwetu hakukuanza na hoteli. Kulianza na mtu mmoja aliyeomba kupiga picha mlango. Tukamkaribisha, tukampa na chai. Baadaye wakaja wanaotaka kupiga picha ndani, kisha wanaotaka kukodi chumba, kisha anayetaka kukodi nyumba nzima. Mji Mkongwe ukaingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na sisi tukapiga makofi. Mawe yakalindwa. Mpangaji hakuna aliyemuingiza kwenye orodha. Nyumba niliyozaliwa sasa ina kengele mezani na kitabu cha wageni, na nikitaka kuona chumba alichofia baba yangu nitalipa kwa usiku. Msikiti wa kona yetu Ijumaa unajaa watu wanaotoka mitaa mingine, nami ni mmoja wao, napanda daladala kwenda kusali nilikozaliwa.

Maalim, historia yako ni ya kweli yote. Hiyo hiyo ndiyo itakayopandisha kodi za nyumba.

Mtembeza wageni, Mwembetanga

Nimesoma yote, na ya ndugu yangu wa Shangani nimeyasoma mara mbili. Sina jawabu la kodi. Hilo liko juu ya uwezo wa mtu anayetembea na mwavuli mkononi.

Ninaloliweza ni hili. Kundi la kumi na mbili nitalikataa, na wakimpa mwengine kazi hiyo basi. Nitavusha wawili, watatu, mwisho wanne. Tutaanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa, atujue. Tutaanza na njaa vile vile, ili tukifika kwa mama wa urojo tukae na tule, na wanafunzi wapite mbele yetu. Kwa wazee wa bao, Maalim akipenda, atukute pale baada ya alasiri ahadithie mwenyewe, na kile ninachokuwa nikijilipa kwa kuhadithia kitakuwa chake. Kamera zitabaki mkobani mpaka mwenye uso wake aseme.

Na dada yangu wa Michenzani, kwenye ngazi zenu sitampandisha mtu. Tukipita chini na bibi yuko, nitapiga hodi kwa mbali. Akisema hana nafasi, tunapita na njia yetu.

Mkaazi wa majumba ya Michenzani

Hawezi kusema hana nafasi. Hata yule kijana, alipomaliza picha zake, bibi alimkaribisha chai.