Fremu gani ya miwani inamfaa mwenye mvi?

Swali: Wakuu, mama ana mvi kichwa kizima, ngozi maji ya kunde, anavaa lenzi za mbali na karibu pamoja. Fremu ya fedha inampausha. Achukue rangi gani?

Jibu: Fedha na kijivu humezwa na nywele. Mpe buluu iliyoiva au damu ya mzee. Nyeusi tititi nene hukaza sura, hasa nyusi nazo zikiwa nyeupe.

Jibu: Sawa, ila pima kwanza kimo cha lenzi, juu hadi chini. Kikiwa chini ya milimita 28 hivi, sehemu ya kusomea hubanwa. Ndani ya mkono wa miwani kuna namba, mfano 52-18-140: upana wa lenzi, daraja la pua, urefu wa mkono.

Jibu: Akitabasamu fremu ikipanda, inagusa mashavu. Atafute yenye vipadi vya pua, hivyo hurekebishika.